Mwinyi, futa hiyo ratiba ya Pirin

Blagoevgrad, Jumapili usiku

Mwinyi wangu,

Salaam. Kimya cha miezi minne si kidogo na lawama zote nazipokea, ila hiyo karatasi uliyonitumia jana, ratiba yenu ya kuja milima ya Pirin huku Bulgaria, imenikalisha chini nikuandikie hata chai sijamaliza. Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana ukiendelea utanuna na utasahau.

Umeandika: Agosti, siku nne. Jumatatu kilele cha Vihren, Jumanne ukingo wa Koncheto, Jumatano mavuno ya zabibu Melnik, Alhamisi ngoma ya vinyago Razlog, jioni uwanja wa ndege. Nani amekupangia? Kama ni Deo, mwambie nimepaliwa kwa kicheko. Vinyago vya Razlog ni tarehe 1 Januari, kwenye theluji: wanaume wamevaa ngozi za mbuzi na makengele mazito kiunoni, wanafukuza mabaya ya mwaka uliopita. Tamasha kubwa la vinyago la Pernik, lile linaloitwa Surva, lililoanza mwaka 1966, nalo ni mwishoni mwa Januari. Mkija Agosti, vinyago mtaviona makumbusho. Kilichopo Agosti, siku za mwanzoni, ni jazi ya Bansko, jukwaa katikati ya mji kwenye uwanja wa Nikola Vaptsarov, yule mshairi wao aliyeuawa kwa risasi 1942. Nenda na sweta. Bansko iko juu kiasi cha mita 925, jua likizama utatafuta blanketi.

Na zabibu nyekundu unayoitaka wewe, ile yenye jina refu, Shiroka Melnishka Loza, yaani mzabibu wa Melnik wa majani mapana, huchelewa kuiva mpaka Oktoba. Agosti utakuta mashada magumu na machachu. Hapa si kama Dodoma ambako mzabibu haulali, ukiupogoa unakubali kuzaa mara mbili kwa mwaka. Huku unalala miezi ya baridi, unavunwa mara moja, basi. Kupogoa kwenyewe wamekufanyia sikukuu, Trifon Zarezan, wengine tarehe 1 Februari na wengine 14 kwa kalenda ya zamani: wanaume wanakata vijiti vya mzabibu, wanamwaga divai palipokatwa, wanamvika mmoja wao taji la matawi na kumwita mfalme. Kwa hiyo sherehe, mlima na mavuno havikai kwenye wiki moja. Lazima uchague.

Lakini kilichonitoa usingizini si sherehe. Ni hiyo Koncheto.

Umeandika, nanukuu, "Vihren mita 2914, kitoto kwa mtu wa Marangu." Hesabu yako naielewa. Kilele chenyewe kinazidi banda la Mandara, kule Kilimanjaro, kwa mita mia mbili hivi, na wewe Mandara unapita ukipiga mluzi. Sasa nisikilize. Kule kwenu tunachoogopa ni hewa. Pirin hewa ipo tele. Shida ni pa kuweka mguu. Wala hakuna mpagazi, hakuna mpishi, hakuna wa kukwambia polepole. Begi ni lako na uamuzi wa kurudi ni wako.

Njia iko hivi. Mnalala banda la Vihren, mita 1950, mwendo wa kilomita 15 hivi kwa gari kutoka Bansko. Banda la wapanda mlima wao wanaliita "hija", kwa hiyo Rashidi umweleze mapema, asije akafungasha ihramu. Kutoka hapo mnafuata alama nyekundu, mstari mwekundu kati ya mistari miwili myeupe, umepakwa kwenye mawe. Mnapanda hadi kwenye tandiko la Kabata, yaani pale mgongo wa mlima unapobonyea kati ya vilele viwili, mnakata kulia, mnapanda kwa ukali mpaka kileleni. Saa tatu kwa mtu mzima wa mguu. Ukiishia hapo na kurudi njia ileile, hiyo ni siku nzuri na sina neno.

Ukitaka Koncheto unashuka upande wa pili, kaskazini, na hapo ndipo watu wanapogundua kwamba mlima ulikuwa haujaanza. Mteremko ni wa marumaru iliyovunjika vipande vinavyokimbia chini ya kiatu. Unapoteza zaidi ya mita mia mbili ulizozipanda kwa jasho, kisha unazipanda tena kwenda Kutelo, mita 2908. Baada ya Kutelo ndiyo unaikuta yenyewe. Ukingo wa marumaru, urefu kama mita 400, mita 2810 juu ya bahari, na palipo pembamba kabisa upana wake ni nusu mita. Chukua kanga mpya uikunje mara mbili uitandaze sakafuni, ndiyo upana wenyewe. Huku kuna bonde na huku kuna bonde. Jina lake maana yake ni farasi mdogo, kwa sababu zamani watu walivuka wameketi, mguu huku na mguu huku.

Siku hizi umefungwa waya wa chuma, na ndio unaowadanganya wengi. Waya ni wa kushika tu. Umelegea kati ya nguzo na nguzo. Ukiuegemea unakupeleka nje, na mwenzako aliyeshika kipande hichohicho anayumba na wewe. Kwa hiyo kila kipande mtu mmoja: akishavuka nguzo ndipo anayefuata anaingia. Fimbo mzikunje na kuzitia begini kule Kutelo, msingoje mfike katikati. Begini kisining'inie kitu nje, hata chupa, maana kikinasa kwenye waya utageuka kwa nguvu wakati hukutarajia. Vaeni glovu nyembamba, kwa kuwa nyuzi za waya zilizokatika zinachoma viganja. Mkikutana na kundi linalotoka upande wa pili, walioko kwenye waya wamalize kwanza. Kupishana pale ni ujinga.

Halafu radi. Hili nalirudia mara mbili kwa makusudi: radi. Mwezi Julai na Agosti asubuhi inakuwa safi kama kioo, mchana mawingu yanajikusanya, alasiri yananguruma. Waya ule ni chuma kitupu mita 400 kwenye mgongo wa mlima, na hakuna pa kushukia kwa haraka. Ndiyo maana mnatoka bandani saa 11 na nusu alfajiri na tochi kichwani, mnafika Vihren saa 2 na nusu, Koncheto kabla ya saa 6. Ikifika saa 4 asubuhi hamjafika kilele cha Vihren, mnarudi. Hata kama anga ni buluu. Hata kama Deo ananung'unika. Na mvua ikinyesha usiku, marumaru ile inateleza kama sabuni ya kipande, ahirisheni siku.

Maji ni lita tatu kila mtu, na mzitoe chini. Mwamba wa upande huo ni marumaru, mvua inapenya kwenye nyufa na kuzama yote, kwa hiyo kuanzia bandani hadi mmalize mgongo hamtaona hata kijito. Yale maziwa yote mazuri ya mlimani unayoyaona pichani yapo upande wa matale, mwamba mgumu; huko maji hayana pa kupenyea, yanakaa juu. Karibu na Koncheto kuna kibanda cha dharura, lakini hakina mhudumu wala maji, msikifanye hoteli.

Baada ya Koncheto kuna Banski Suhodol, mita 2884, kisha mteremko mrefu wa kuchosha magoti hadi banda la Yavorov, mita 1740. Jumla ni saa tisa hadi kumi za kutembea. Gari la kuwachukua lipangwe kabla, la sivyo mnaongeza saa mbili za barabara ya msituni na giza limeshaingia. Ajali nyingi za milimani hutokea kwenye kushuka, miguu ikiwa imechoka na watu wameshaanza kuzungumzia chakula.

Bima nayo muisome, msilipe tu. Viza ya Schengen inadai bima ya angalau euro 30,000, lakini nyingine zinakataa kabisa mambo ya milimani. Tafuta palipoandikwa uokoaji wa mlimani. Namba ya dharura ni 112, wanaokuja ni waokoaji wa milimani ambao shirika lao lipo tangu 1933, na wanaijua kazi. Simu ikikosa mtandao, filimbi: mara sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia.

Neema asiende Koncheto. Mtu asiyeweza kusimama kibarazani ghorofa ya tano, leo umpeleke pale? Akiganda katikati, nani atamtoa? Yeye na Rashidi wachukue njia ya maziwa ya Banderitsa kutoka bandani hapohapo, saa moja ya mwendo mpole, wakae na karanga zao. Wakishuka wapitie msonobari wa Baikushev, jirani na banda la Banderitsa. Inakadiriwa una miaka 1,300. Umepewa jina la bwana misitu aliyeugundua mwaka 1897. Wasiguse ua la edelvaisi wala kuwasha moto, yote ni hifadhi ya taifa na imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1983.

Mbwa, nusura nisahau. Mbwa wa wachungaji huku ni wakubwa kama ndama na wamefundishwa kulinda kondoo, hawana mchezo. Msipite kati ya mbwa na kundi. Simameni, fimbo ziteremke chini, mwiteni mchungaji, kisha mzunguke mbali. Ukikimbia umekwisha.

Na alama za njiani zimeandikwa kwa herufi zao. Jifunze chache tu: В ni V, И ni I, Н ni N, Р ni R, С ni S, Х ni H. Basi kibao cha ВИХРЕН unakisoma Vihren bila kumsumbua mtu. Tena wakiitikia kwa kichwa tahadhari: kutikisa kichwa kushoto na kulia huku ni ndiyo, na kukiinua juu ni hapana. Muulize mtu "njia hii inakwenda Vihren?" akitikisa kichwa usigeuke ukarudi ulikotoka. Sikiliza mdomo: "da" ndiyo, "ne" hapana.

Sasa Melnik, maana najua ndiko moyo wako uliko.

Mji wenyewe ni mdogo kuliko yote Bulgaria, wakazi hawafiki mia mbili, umekaa ndani ya korongo la majabali ya mchanga yaliyosimama kama vichuguu vya jitu. Kwa gari kutoka Bansko unazunguka mlima kupitia Predel, Simitli na Sandanski, kiasi cha kilomita mia. Kwa basi utalazimika kubadilisha, na mabasi ya Sandanski kwenda Melnik ni machache. Kodini gari, lakini sheria ya pombe barabarani ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na adhabu ni kali. Laleni Melnik. Kila pishi la divai unalifikia kwa miguu, gari lipumzike.

Anzeni na nyumba ya Kordopulov, imejengwa 1754, nyumba ya mfanyabiashara wa divai. Pishi lake limechimbwa ndani ya mlima wa mchanga, baridi mwaka mzima, mapipa mengine yana ukubwa wa chumba cha mpangaji. Humo ndimo mtaelewa kwa nini divai ya huku ilikuwa na jina: mchanga mkavu haupitishi joto, na bonde la mto Struma linaleta hewa ya joto kutoka bahari ya Ejia, ndiyo maana zabibu inayochelewa vile inapata kuiva.

Ukionja, usiikatae kwa sababu rangi yake ni nyepesi. Nyekundu ya Melnik ndivyo ilivyo. Ina ukali wa cheri mbichi, harufu ya jani la tumbaku likishakaa pipani, na ukakasi unaokausha ufizi. Ndiyo maana wanainywa na nyama yenye mafuta, peke yake inachokoza tumbo. Ikitoka pishini ni baridi mno na imefunga. Ikumbatie glasi kwa viganja mpaka ifike kama digrii 16 hadi 18, utaona inavyofunguka. Ukiikuta ile ya Melnik 55 ni chotara wa zabibu hiyohiyo, huiva mapema zaidi, ni laini, ya kuanzia. Nyeupe omba Sandanski Misket, ina harufu ya maua. "Suho" maana yake kavu, haina sukari.

Barabarani watakuuzia divai ya nyumbani kwenye chupa za plastiki za soda. Nyingine nzuri, nyingi zimeshaguswa na hewa, maana plastiki inapitisha. Onja kabla ya kulipa. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: divai ya mwaka jana ikiwa na ukingo wa kahawia imechoka. Ikinukia siki au rangi ya kucha, rudisha kwa adabu. Na ile tamu sana imefichwa kitu kwa sukari. Ya kurudi nayo nunua ya chupa ya kioo yenye kizibo. Forodha ya kwetu inaruhusu lita 2 za mvinyo kwa mtu bila ushuru, au lita 1 ya pombe kali badala yake. Chupa mbili za mililita 750 zinaingia, ya tatu inazidi. Zifunge na nguo katikati ya begi kubwa. La mkononi zitabaki uwanjani.

Rashidi hanywi, na chakula kinataka macho. Kapama ya Bansko, ile ya chungu kinachokaa motoni saa nyingi, ina kabichi chachu na nguruwe ndani hata kama mhudumu atasema ni kuku. Soseji kavu wanayoiita banski starets, nguruwe. Boza ni uji wa nafaka uliochachushwa na una kilevi kidogo, asidhani ni togwa ya asubuhi. Aombe bob chorba, supu ya maharage, aulize kama imewekwa nyama. Tarator, mtindi baridi na matango, kitunguu saumu na kokwa za jozi. Samaki wa mto. Airani, mtindi mwepesi wa kunywa, anywe atakavyo. Na asikae nyumbani wenzake wakienda Melnik, kwani safari tamu kuliko zote kule haina hata glasi: kutoka Melnik kwa miguu kupitia kwenye yale majabali ya mchanga hadi monasteri ya Rozhen, kiasi cha kilomita saba. Chini ya njia ni mkondo wa mto mkavu. Mvua kubwa ikinyesha hauko mkavu tena, na udongo wa juu unabomoka ukingoni. Nendeni asubuhi, kofia na maji.

Ndiyo maana nakwambia hamisha tarehe. Njooni Septemba, wiki ya kwanza hadi ya pili. Ngurumo zinapungua, mlima umetulia, zabibu za mapema zinavunwa. Tarehe 8 Septemba ni sikukuu ya monasteri ya Rozhen, kuzaliwa kwa Bikira Maria, na kijijini kunakuwa na gulio na ngoma. Ukiingia kwenye horo, ngoma yao ya kushikana mikono kwa mstari, ingia mkiani, kamwe usishike kichwa cha mstari. Mstari unakwenda kulia: mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia subiri, wa kushoto subiri. Ndiyo rahisi kuliko zote. Zile nyingine zina mapigo saba, mwachie Neema. Ila tarehe 6 ni sikukuu ya taifa, vyumba vinajaa, wekeni nafasi mapema. Malipo sasa ni kwa euro tangu Januari 2026. Mkipewa chenji ya leva, fedha yao ya zamani, kataeni. Mabandani bebeni fedha taslimu.

Siku nne hazitoshi. Nane. Mbili za kuzoea Bansko na maziwa, moja ya Vihren, moja ya akiba ya hali ya hewa, na hiyo ya akiba msiile kwa kiburi, moja ya kupumzisha magoti, tatu Melnik. Koncheto iingie tu kama siku ya Vihren mmefika mapema, anga iko wazi na hakuna aliyelalamika goti. Mkiamka Melnik na vichwa vizito, msipande kitu siku hiyo zaidi ya ngazi za nyumba ya wageni.

Sasa nijibu, Mwinyi, na nijibu yote. Viatu umeshavivaa kwa wiki ngapi, au bado vimo kwenye boksi? Viza ya Neema imetoka? Deo anakuja kweli, au ni yaleyale ya Zanzibar? Nani ataendesha gari, na ana leseni ya kimataifa? Rashidi amewahi kushika waya mahali popote juu ya ardhi? Na ile hela ya Mama Zuhura, mmeshamrudishia, maana alinipigia na sikuwa na la kumwambia? Begi lako likibaki na nafasi, nitilie pilipili kichaa zilizokaushwa na dagaa wa Kigoma, kilo moja tu, ufunge mara tatu.

Wako,
Juma